Maswali ya Wasomaji: George Lilanga, Mchongaji Aliyekihamishia Kijiji Ubaoni

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Masasi. Hivi karibuni niliwaonyesha wanafunzi wangu picha ya George Lilanga iliyochapishwa kwenye kalenda ya zamani, nikawaambia kwamba msanii huyo alizaliwa huku kwetu kusini. Wakaniuliza mambo mawili ambayo sikuweza kuyajibu: alisomea wapi uchoraji, na kwa nini mashetani wake wanacheka badala ya kutisha? Naomba mnieleze safari yake ya kazi, na kama ni kweli kwamba maisha ya kijijini ndiyo yaliyomfundisha.

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza maswali ya maana, na nitaanza na la kwanza kwa kuwa ndilo linalofungua la pili. Lilanga hakupitia chuo cha uchoraji. Alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, kusini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika, katika jamii ya Wamakonde, na ufundi alioupata mwanzo ulikuwa uchongaji. Alianza na mihogo, akaendelea na miti laini, na mwishowe akaingia kwenye mpingo. Anayejua kazi ya patasi ataiona hekima ya mpangilio huo, kwa sababu muhogo hukatika kwa kisu cha kawaida na ukiharibika hakuna hasara, ilhali mpingo ni mti mgumu, mzito kiasi cha kuzama majini, na kosa la pigo moja la tezo haliwezi kurudishwa. Mtoto aliyepita njia hiyo anakuwa amejifunza kulikamilisha umbo kichwani kabla mkono haujagusa mti. Hicho ndicho chuo alichosoma Lilanga, na ukizitazama picha zake kwa makini utaona kwamba hakuacha kukitumia hata alipokuwa ameshika brashi.

Ili wanafunzi waelewe mashetani yale yalitoka wapi, waeleze kwanza habari za uchongaji wenyewe. Wamakonde wengi walivuka Mto Ruvuma kutoka uwanda wa Mueda, Msumbiji, wakaja kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na wachongaji miongoni mwao wakaja na ufundi wao. Dar es Salaam ikawa soko. Katika miaka ya 1950 mchongaji aitwaye Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa ndiye mwanzilishi wa mtindo wa shetani, alianza kuchonga viumbe vyenye jicho moja, viungo vilivyopindana na matumbo yaliyotobolewa, na wengine wakaufuata mtindo huo kila mmoja kwa mkono wake. Sambamba na huo ukakua mtindo ambao wauzaji waliuita ujamaa, ambamo gogo zima huchongwa watu waliobebana na kushikana kuanzia chini hadi juu, kila mmoja akiwa amekanyaga bega au goti la mwenzake.

Sasa tufike kwenye kicheko. Neno shetani likitamkwa darasani, mtoto humfikiria Ibilisi wa mahubiri, na ndiyo maana anashangaa kumwona akicheka. Mashetani ya masimulizi ya Kimakonde ni jamaa wa aina nyingine kabisa: wanakaa porini, kwenye miti na penye maji, wapo wanaodhuru na wapo wanaosaidia, na wengi ni watundu tu wanaopenda kuwachezea binadamu. Alichokifanya Lilanga, na hapa ndipo ninapouona ukubwa wake, ni kuwatoa porini na kuwapa makazi. Mashetani wake wanatwanga, wanapika, wanabeba watoto mgongoni, wanakunywa pombe, wanapiga ngoma, wanagombana, wanasengenya, wanakwenda hospitali. Wana masikio makubwa, midomo mipana, macho yaliyotokeza na vidole viwili au vitatu tu vya miguu, lakini shughuli zao ni za jirani yako na zangu. Kwa hiyo wanacheka kwa sababu ile ile inayowachekesha watu walioketi pamoja baada ya kazi. Mtazamaji anayewaogopa hajakaa nao vya kutosha.

Safari ya kazi yake yenyewe haikuanza kwa sifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam, na kwa msaada wa ndugu yake Augustino Malaba, ambaye naye alikuwa mchongaji, akapata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll kwa ajili ya vijana wenye vipaji waliokuwa hawana pa kufanyia kazi wala pa kuuzia. Ninaomba wanafunzi wako walisikie jambo hili sawasawa: mmoja wa wasanii wa Kitanzania waliojulikana sana duniani aliingia katika nyumba ya sanaa akiwa mlinzi. Lakini mlinzi huyo alikuwa tayari fundi. Akawaonyesha wenye nyumba kazi zake, wakaziona, na akahama kutoka mlangoni akaenda kukaa pamoja na wasanii.

Mle ndani alikuta ufundi wa namna nyingi ambao kijijini hakuwa nao. Palikuwa na batiki, ambamo nta ya moto huzuia rangi isishike sehemu fulani za kitambaa; palikuwa na uchapaji wa picha kwa bati lililokwaruzwa mistari na kuliwa na asidi, likapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi; palikuwa na kalamu na wino. Lilanga alizijaribu kazi hizo moja baada ya nyingine, akachora hata kwenye ngozi ya mbuzi na kwenye bati. Hapo ndipo mchongaji alipogeuka kuwa mchoraji, ingawa mimi husita kusema amegeuka, kwa sababu hakuacha kuchonga.

Tazama namna anavyoujaza ubao. Mchongaji aliyepewa gogo hana nafasi ya kupoteza. Watu wote anaotaka kuwaonyesha lazima waenee ndani ya unene wa mti ule, kwa hiyo mkono wa mmoja unapita chini ya kwapa la mwingine na mguu wa huyu unakuwa kiti cha yule. Picha za Lilanga zimejengwa hivyo hivyo. Mara nyingi hakuna upeo wa macho, hakuna mlima wa mbali, hakuna mtu mdogo nyuma na mtu mkubwa mbele; kuna miili iliyosongamana kutoka ukingo hadi ukingo, na jicho lako linapanda na kushuka kama linavyofanya mbele ya kinyago cha ujamaa. Mstari mweusi unaozunguka kila umbo ninauona kuwa ni alama ya patasi iliyohamia kwenye rangi: umbo linakatwa kwanza, kisha linajazwa. Wapo waliozisifu kazi hizi kwa kuzilinganisha na michoro ya ukutani ya miji mikubwa ya Marekani. Sipingi kwamba zinafanana kwa macho, ila namsihi mwalimu asiwafundishe watoto hivyo kabla hawajakiona kinyago, maana watajua mfanano na hawatajua chanzo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kazi zake zilionyeshwa Marekani, na kuanzia hapo jina lake likaanza kuzunguka. Miaka iliyofuata rangi zake zilizidi kung'aa na picha zikawa kubwa zaidi, akitumia rangi za mafuta kwenye silingibodi na baadaye kwenye kanvasi, huku upande wa uchongaji akichonga miti laini na kuipaka rangi zile zile kali, hata kinyago na picha vikawa kama watu wa ukoo mmoja. Baadhi ya kazi zake ziliingia katika mkusanyo wa sanaa ya Afrika wa Jean Pigozzi, na zikawamo pia katika maonyesho makubwa ya Africa Remix yaliyofunguliwa Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 2004, na kupelekwa London, Paris na Tokyo. Kisukari kilimdhoofisha sana miaka yake ya mwisho. Alifariki Juni 2005, wakati maonyesho hayo yakiwa Paris.

Umeuliza kama maisha ya kijijini ndiyo yaliyomfundisha. Ndiyo, lakini kijiji hicho alikichora akiwa Dar es Salaam, ambako aliishi sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, na jambo hilo lina uzito. Mtu aliye mbali na kwao hukumbuka kwanza watu na matendo yao. Ndiyo maana katika picha zake hutaona shamba lililopangwa vizuri au machweo juu ya korosho; utaona kinu na mchi, chungu, ngoma, mtoto anayelia na mama anayemkemea. Hata majina aliyozipa picha zake mara nyingi yalikuwa sentensi kamili za Kiswahili, za namna ambayo mtu angeitumia kumsimulia mwenzake kilichotokea jana mtaani. Zoezi zuri kwa darasa lako, Mwalimu, ni kuwaonyesha picha na kuwataka kila mmoja aandike sentensi ya namna hiyo. Kisha wape mihogo na visu butu, ukiwa karibu nao.

SWALI: Nina duka la picha na vinyago Mji Mkongwe, Zanzibar. Wateja, na hata wauzaji wenzangu, huita kila picha ya rangi kali "tingatinga", zikiwamo zenye mashetani ya Lilanga. Je, ni sahihi?

JIBU: Si sahihi, na ni vyema duka lako likawa miongoni mwa yale yanayoeleza tofauti hiyo, ingawa naelewa kosa linatoka wapi. Edward Saidi Tingatinga na Lilanga walikuwa karibu rika moja, kwani Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, naye pia alitoka kusini kwenda kutafuta riziki. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam, na kufikia mwaka 1968 hivi alikuwa ameanza kuchora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya silingibodi. Picha zake ziliuzwa maeneo ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni wengi waliishi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, baada ya kuchora kwa miaka michache tu. Jamaa na wanafunzi wake ndio walioendeleza mtindo huo, hadi ukawa na chama chake cha ushirika mwaka 1990.

Vifaa vyao, kwa hiyo, vilifanana: ubao ule ule na rangi zile zile za dukani. Ubao mzima wa futi 4 kwa 8 hukatwa vipande vinane vya futi 2 kwa 2, na ndiyo maana hadi leo picha nyingi za madukani ni za mraba wa kipimo hicho. Lakini picha ya Tingatinga mwenyewe humweka mnyama au ndege mmoja, au wawili, katikati ya uwanja wa rangi tulivu, akiwa amesimama kana kwamba anakutazama wewe. Picha ya Lilanga haina uwanja mtulivu na haina mnyama wa mbugani; ina umati, na umati huo unatazamana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja alianzia kwenye brashi, mwingine kwenye tezo. Ukimpa mteja wako maelezo hayo mafupi, na ukamwonyesha kinyago cha shetani kando ya picha, hutahitaji kumwongezea neno.

Jambo moja ningependa ulizingatie unapoandika vibandiko vya bei. Baada ya Lilanga, wachoraji wengi wameendelea kuchora mashetani ya namna yake, wakiwamo wa ukoo wake, na mjukuu wake Hendrick Lilanga amejipatia jina lake mwenyewe. Andika jina la aliyechora. Mteja anayenunua kazi ya kijana wa leo ana haki ya kulijua jina la kijana huyo, na kijana ana haki ya kujulikana.

SWALI: Shikamoo mzee wa safu hii. Nina miaka 23 na ninachonga Mwenge, Dar es Salaam, pamoja na baba yangu. Mpingo umekuwa ghali na adimu, na wageni siku hizi wanataka vitu vyepesi vya kubeba kwenye ndege. Nafikiria kuhamia uchoraji kama Lilanga. Lakini baba anasema nitakuwa nimeitupa kazi ya ukoo, na mimi mwenyewe nimezaliwa mjini, kijijini nimekwenda mara mbili tu, kwenye misiba. Nitachora nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhusu mpingo, baba yako anaujua ukweli kuliko mimi: ni mti unaokua polepole mno, unahitaji miongo kadhaa kabla haujawa na kiini cheusi cha kutosha kuchongwa, na unagombewa pia na watengenezaji wa zumari za Kizungu wa huko Ulaya. Lilanga mwenyewe alichonga miti laini na kuipaka rangi, na hakuna aliyesema kwamba ameitupa kazi ya ukoo. Mweleze baba hivyo kwa adabu, na umweleze kwamba hukusudii kuiacha patasi. Nami nakushauri kweli usiiache. Mchoraji asiyejua kuchonga anaweza kujifunza kuzijaza rangi kama Lilanga kwa miezi michache, na masoko yetu yamejaa kazi za namna hiyo. Asichoweza kukipata kwa miezi michache ni ule ujuzi wa kuviweka viungo vya watu kumi ndani ya nafasi ya watu wanne bila mmoja wao kuonekana amekatwa. Ujuzi huo unao mkononi tayari. Anza kwa kukichora kwenye karatasi, kwa wino peke yake, kinyago kimoja ambacho umekichonga mwenyewe, kisha kizungushe na ukichore tena kwa upande wa pili, mpaka mstari wako ukubali kulizunguka umbo bila kusitasita. Rangi itasubiri.

Swali lako la pili limenigusa zaidi. Usichore kijiji usichokijua. Ukikichora utakuwa unanakili kumbukumbu za mtu mwingine, na mtazamaji ataligundua hilo hata kama hawezi kulieleza. Lilanga alichora watu aliokula na kucheka nao. Wewe nawe una watu wako: mafundi wanaopiga msasa chini ya mwembe, mama anayewaletea chakula cha mchana, dereva wa bodaboda anayelala juu ya pikipiki yake, mzee anayekataa kupunguza bei hadi mgeni aondoke. Na hiyo misiba miwili usiipuuze. Mtu aliyekwenda kijijini kwao kwenye msiba ameona mambo ambayo mtalii aliyekaa mwezi mzima hayaoni: nani alipika, nani aligombana na nani, wazee walikaa wapi, watoto walicheza nini wakati wakubwa wanalia. Chora hayo.

Nikupe na la kiutendaji, kwa kuwa wachongaji wengi wazuri wamekufa maskini kwa kulikosa. Kila kazi unayoimaliza, ipige picha kwa simu kabla haijatoka, andika nyuma yake au chini yake jina lako kamili, mwaka na mahali, na uweke daftari la kuonyesha uliiuza kwa nani na kwa kiasi gani. Miaka ishirini baadaye daftari hilo litakuwa ndilo shahidi wako. Na usiyanakili mashetani ya Lilanga yenye masikio yake na vidole vyake, hata kama mwenye duka atakulipa haraka kwa kazi hiyo.

SWALI: Marehemu baba yangu, aliyekuwa mtumishi wa serikali, alinunua picha kwenye Nyumba ya Sanaa mnamo miaka ya 1980. Ina saini ya Lilanga. Tunaishi Dodoma. Kuna mtu anataka kuinunua, na mwingine anataka tumruhusu aichape kwenye fulana. Tufanyeje?

JIBU: Poleni kwa kufiwa na mzazi. Kwanza, saini peke yake isiwatoshe, wala isiwatie wasiwasi kupita kiasi. Miaka ya baadaye Lilanga alifanya kazi pamoja na wasaidizi, jambo la kawaida kwa fundi mwenye karakana, na baada yake wametokea pia watu wanaoliandika tu jina lake. Ushahidi wenye nguvu kwenu ni ule wa baba: stakabadhi kama ipo, barua, picha ya zamani ya sebuleni inayoonyesha ubao huo ukutani, na maandishi yoyote yaliyo nyuma yake. Kusanyeni hayo kabla hamjazungumza bei na mtu yeyote, na msikubali bei ya mnunuzi wa kwanza anayekuja na haraka.

Kuhusu fulana, jibu ni kwamba ruhusa hiyo si yenu kuitoa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kuumiliki ubao ni jambo moja na kuimiliki haki ya kuuchapa ni jingine. Haki hiyo hubaki kwa msanii na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake, ambayo kwa Lilanga aliyefariki mwaka 2005 inafika hadi mwisho wa mwaka 2055. Mtu wa fulana aelekezwe kwa warithi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiyo mahali pa kuanzia kuuliza.

Wakati mnafikiri, uhifadhini vizuri. Silingibodi hunywa unyevu na kuvimba pembezoni, kwa hiyo usiegemee ukuta wenye maji wala usipigwe na jua la dirishani. Vumbi lipanguswe kwa brashi laini kavu, kamwe si kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Na kama mtaupeleka kwa fundi wa fremu, upigeni picha mgongo wake kwanza, kisha mwambieni asibandike karatasi wala asipige msumari juu ya maandishi yaliyoko huko.